Shamba na Nyumba: Si Kila Mche Unyaukao Una Kiu

Mwezi uliopita katika ukurasa huu tulinena juu ya kuanika mpunga wa mbegu. Mwezi huu twataka kuwasimulia jambo lililotupata nyumbani kwetu hapa Ikombe, na jaribio walilolifanya wanafunzi wetu kwa ajili ya jambo hilo. Twalisimulia kwa haya kidogo, maana kosa lilikuwa letu. Lakini ndugu mmoja ametuandikia akiuliza kwa nini miche yake ya kakao hufa, ingawa watoto wake huimwagilia kila siku, nasi hatuna jibu lililo bora kuliko habari hii.

Wenye kuijua Ikombe wajua jinsi milima ya Livingstone ishukavyo ghafula hata ziwani, na jinsi nyumba zetu zilivyo katika ukanda mwembamba kati ya mlima na maji. Mtu hufika kwetu kwa mtumbwi, au kwa miguu kutoka Matema. Mashamba ni haba, lakini vyungu twavyo. Wanawake wa Kikisi huvifinyanga kwa mikono yao, navyo huchukuliwa kwa mitumbwi hata gulio la Lyulilo siku ya Jumamosi, na kutoka huko huenda mbali. Kila mara vyungu vichomwapo, vingi hutoka vizima, vingine hutoka vimepinda, na vingine vimepasuka. Hivyo viwili vya mwisho haviuziki. Nasi tuliviomba kwa ajili ya kitalu chetu.

Mwezi wa Agosti mwaka jana tulipanda mbegu 40 za kakao, tukikusudia kuihamisha miche katika shamba letu dogo upande wa Matema. Thelathini tulizipanda katika vyungu vilivyopinda, vilivyo vizima chini. 10 katika vile vilivyopasuka. Mpwa wetu, binti wa dada yetu, akaa kwetu na asoma katika shule tufundishayo. Tulimpa kazi ya kumwagilia maji asubuhi na jioni, maana Septemba na Oktoba jua letu ni kali. Tukamwahidi kitenge kipya miche ikistawi.

Mbegu ziliota vizuri. Kisha tulisafiri kwenda Tukuyu, tukakaa huko majuma mawili. Tuliporudi tulikuta majani ya miche mingi yamekuwa manjano na kulegea kama kitambaa kilicholoa. Miche 23 ilikuwa imekwisha kufa. Hatukuuliza neno. Tulimwita mpwa wetu uani, majirani wakisikia, tukamwambia kuwa amecheza ziwani na kuiacha miche ife kwa kiu.

Alipiga magoti, akajibu taratibu, “Mjomba, nilimwagilia kila siku asubuhi na jioni, kama ulivyoniagiza. Tena ile iliyo katika vyungu vibovu haikufa hata mmoja.”

Nasi tulimjibu, “Mvivu hakosi maneno.” Kitenge tukakizuia, na kazi yake tukampa mdogo wake, tukimwagiza azidishe maji. Katika muda wa siku 10 ile miche 7 iliyosalia katika vyungu vizima ikafa yote. Ile 10 ya vyungu vilivyopasuka iliendelea kuwa ya kijani. Macho yetu yaliona hayo, lakini kinywa hakikutaka kusema.

Mwezi wa Januari shule ilipofunguliwa tulifundisha somo la mimea, tukawaambia wanafunzi waulize wapendalo. Yule binti akasimama. “Mwalimu,” akasema, “je, mmea waweza kunyauka kwa maji mengi, mtu akadhani una kiu?” Wenziwe wakacheka. Nasi karibu tucheke, ila tulikumbuka habari ya Erasto Mpemba, ambayo sisi wenyewe tumeisimulia darasani mara nyingi.

Mwaka 1963 kijana huyo alikuwa mwanafunzi katika shule ya sekondari ya Magamba, huko Lushoto. Katika kutengeneza aiskrimu ya maziwa aliona ya kuwa maziwa aliyoyatia barafuni yangali moto yaliganda kabla ya yale yaliyokwisha poa. Aliposema hivyo mwalimu wake alimwambia amekosea, na wanafunzi wakamdhihaki. Baadaye, alipokuwa akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lile lile Dakta Denis Osborne, mwalimu wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam. Yeye hakulitupa swali, bali aliahidi kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao waliandika makala pamoja, na tangu hapo jambo hilo laitwa kwa jina la Mpemba ulimwenguni kote. Wataalamu hata leo hawajakubaliana juu ya sababu yake, na wengine wabisha kama latokea kila mara. Lakini hapana ajuaye angebisha nini kama swali lile lingezimwa kwa kicheko.

Basi tulimwambia binti, “Hatujui kwa hakika. Na tujaribu.”

Wanafunzi watano walichaguliwa pamoja naye. Walichukua vyungu vidogo 16, wakavitia udongo mmoja uliochanganywa pamoja. Vyungu 8 vilikuwa na matundu chini, na 8 havikuwa nayo. Katika vyungu 12 walipanda maharage ya mbegu moja. Katika vinne vilivyobaki, visivyo na matundu, walipanda mpunga. Wote waliwekwa barazani, penye mwanga na pasipofika mvua. Siku 14 walimwagiliwa kwa kiasi, hata wakawa na majani mazuri. Ndipo jaribio lenyewe lilipoanza.

Maharage ya kundi la kwanza, yenye matundu, yalipewa maji udongo wa juu ulipokauka tu. Kundi la pili, nalo lenye matundu, lilinyimwa maji kabisa. Kundi la tatu, lisilo na matundu, lilijazwa maji hata yakasimama juu ya udongo kadiri ya upana wa kidole. Mpunga nao ulijazwa vivyo hivyo. Kila siku asubuhi, adhuhuri na jioni waliandika katika daftari hali ya majani, rangi yake, na urefu wa kila mmea kwa rula.

Hapa yafaa tuwaambie walimu neno moja. Siku ya nne mvulana mmoja alikuja akiinamisha kichwa, akakiri ya kuwa usiku alikimwagilia maji chungu kimoja cha kundi la pili, kwa sababu aliuonea mmea huruma. Wenziwe walitaka kumfukuza. Tulisema, “Andikeni alivyosema, na chungu hicho kisihesabiwe.” Basi kundi la pili likabaki na vyungu vitatu. Jaribio lililopungukiwa na chungu kimoja bado ni jaribio. Lakini daftari lenye uongo mmoja halifai kitu.

Siku ya tatu majani ya maharage yaliyo majini yalilegea adhuhuri, na jioni yakainuka. Siku ya tano hayakuinuka tena, na yale ya chini yalianza kuwa manjano. Kundi lililonyimwa maji lilianza kulegea adhuhuri siku ya sita, na siku ya nane lilikuwa limelegea hata asubuhi. Kundi la kwanza lilisimama vizuri, na mpunga ulizidi kukua kana kwamba hapana lililotokea.

Siku hiyo ya nane binti alisema, “Mwalimu, tuwaite wazazi waonyeshe ni ipi yenye kiu.” Basi walivifunika vyungu vya maharage kwa majani ya migomba, visionekane ila mashina na majani ya mimea, wakawaita watu wazima watano. Wanne walisema ya kuwa yote iliyonyauka ina kiu, nayo ipewe maji upesi. Nasi pia, kama tusingalijua, tungalisema hivyo. Tena ndivyo tulivyosema mwezi wa Oktoba. Wa tano alikuwa bibi mmoja mfinyanzi. Huyo hakusema kwanza. Aliinua chungu kimoja, akakipima mkononi, akakirudisha. Akainua cha pili, akakinusa. Kisha akasema, “Wajukuu zangu, huu una kiu. Na huu umezama.”

Wanafunzi walimwagilia maji vile vyungu vitatu vikavu, na kesho yake asubuhi mimea yote mitatu ilikuwa imesimama. Katika vyungu vinne vilivyo majini walitoboa viwili chini na kuyamwaga maji, viwili wakaviacha vilivyo. Miwili iliyoachwa ilikufa. Katika miwili iliyotobolewa mmoja ulikufa, na wa pili baada ya siku 9 ulichipua jani jipya. Walipoing'oa yote waliona sababu kwa macho yao. Mizizi ya kundi la kwanza ilikuwa myeupe na migumu. Mizizi ya iliyokufa majini ilikuwa ya rangi ya udongo mweusi, laini, yenye harufu mbaya. Na ule mmoja uliopona ulikuwa umeota mizizi mipya myeupe karibu sana na uso wa udongo, mahali penye hewa.

Sasa tueleze kwa nini ni hivyo. Watu wengi wadhani mizizi hunywa maji tu. Sivyo, mizizi pia huvuta pumzi. Yahitaji oksijeni, ile ile tuivutayo sisi, ili ipate nguvu ya kufanya kazi yake. Katika udongo mzuri hewa imo katika nafasi ndogo ndogo kati ya chembe za udongo. Maji yakituama, nafasi hizo hujaa maji, na oksijeni hupita katika maji polepole mno, mara 10,000 hivi kuliko ipitavyo katika hewa. Mizizi ikikosa hewa hudhoofika, na njia zake za kupitishia maji hufungika. Basi mmea umesimama katika maji, nao hauwezi kuyanywa. Majani yake hunyauka kama ya mmea ulio jangwani. Kumwongezea mmea huo maji ni kumfunika mtu aliyekosa pumzi kwa blanketi la pili.

Tena mmea haukai kimya katika taabu yake. Katika majani yake mna vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupitisha hewa na mvuke. Mmea ukikosa maji huvifunga vitundu hivyo, usipoteze kidogo ulicho nacho. Na mmea uliozama huvifunga pia. Zaidi ya hayo, katika nyanya wataalamu wameona ya kuwa mizizi iliyozama hutengeneza kitu kinachopanda pamoja na maji hata majanini, na huko hugeuka kuwa gesi iitwayo etilini. Gesi hiyo huufanya upande wa juu wa kikonyo cha jani ukue upesi kuliko upande wa chini, na hivyo jani huinama. Ni gesi ile ile itokayo katika ndizi ziivazo. Ndiyo maana mama akitaka mkungu uive upesi huufunika pamoja na ndizi zilizokwisha iva.

Aliyeijua kwanza kazi ya etilini katika mimea alikuwa naye mwanafunzi, Dimitry Neljubow, huko St Petersburg, katika nchi ya Urusi. Aliona ya kuwa miche yake ya njegere ndani ya maabara haikuota wima, bali ililala upande; lakini katika hewa ya nje iliota sawasawa. Hakusema mbegu ni mbaya. Alitafuta ni nini kilichomo katika hewa ya chumba, akagundua ya kuwa ni etilini iliyokuwamo katika gesi ya taa. Habari hiyo aliitoa mwaka 1901.

Huenda msomaji akauliza, “Mbona mpunga hustawi majini?” Mpunga una mirija ya hewa ndani yake, itokayo majanini hata mizizini, nao huipelekea mizizi pumzi kutoka juu. Kwa hiyo waweza kusimama katika maji ambayo mahindi na maharage hayastahimili. Lakini hata mpunga una mpaka wake. Ukifunikwa wote, hata ncha za majani, mpunga mwingi hufa baada ya siku chache. Mwaka 2006 wataalamu walitangaza ya kuwa wamepata, katika mpunga mmoja wa zamani wa India, sehemu ya urithi waliyoiita Sub1A. Mpunga wenye urithi huo ukifunikwa na maji huacha kurefuka, hutunza nguvu zake, na maji yakipungua huinuka tena. Waweza kuvumilia kadiri ya siku 14. Ninyi mnaolima katika bonde la Kyela, ambako mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hufurika mvua za Machi na Aprili zizidipo, mwajua siku 14 ni kitu gani.

Sasa ndugu aliyetuandikia, na kila mwenye kitalu, ashike haya.

Kwanza, usimwagilie kwa kufuata saa, bali kwa kufuata udongo. Ingiza kidole hata kiungo cha pili. Ukiwa na unyevu, acha. Ukiwa mkavu, mwagilia.

Pili, kila chungu, kopo au mfuko wa mche uwe na matundu chini, na chini ya matundu maji yapate njia ya kutoka. Chungu kizima ni chema jikoni. Kitalu chataka kilichotoboka.

Tatu, mmea unyaukao adhuhuri na kuinuka jioni bado haujafikia hatari. Hata majani ya maboga hulegea jua likiwa kali. Ule unyaukao hata alfajiri ndio wa kuangaliwa.

Nne, kabla ya kuongeza maji, inua chungu kama alivyofanya bibi mfinyanzi. Kikiwa chepesi, mche una kiu. Kikiwa kizito na udongo wanuka, mche umezama. Toboa, mwaga maji, uweke kivulini, ungoje.

Tano, bondeni panda mpunga. Mahindi na maharage yapandwe juu ya matuta, na mifereji ichimbwe kabla ya mvua kubwa, wala si baada yake.

Limebaki neno moja. Wanafunzi walipomaliza kuandika habari yao darasani, tulijua ya kuwa deni letu halijalipwa kwa jaribio. Tulimkemea mpwa wetu uani, majirani wakisikia. Haikufaa kumtaka radhi chumbani. Basi Jumamosi jioni, watu waliporudi kutoka gulioni Lyulilo na mitumbwi ikiwa imevutwa pwani, tuliwaita majirani wale wale. Tuliwaonyesha miche 10 iliyo katika vyungu vilivyopasuka, na vyungu 30 vilivyo vitupu. Tukasema, “Mtoto huyu alifanya kama tulivyomwagiza, kila siku, asubuhi na jioni. Miche haikuuawa na uvivu wake, iliuawa na agizo letu. Naye alituambia, hatukusikia.” Kisha tulimpa kitenge chake.

Alikipokea kwa mikono miwili. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Asante, Mjomba. Je, vile vyungu 30 naweza kuvitoboa?”

Alivitoboa kwa msumari na jiwe, taratibu, na katika 30 vilivyunjika viwili tu. Leo mna mbegu mpya ndani ya 28, naye ndiye mwenye kuamua ni siku gani yafaa kumwagilia. Ile miche 10 imekwisha hamishwa upande wa Matema, nayo yaendelea vizuri.

Walimu wapendao kulirudia jaribio hili na walifanye; halihitaji fedha, ila vyungu, mbegu, daftari na majuma manne. Wakituletea habari ya waliyoyaona, hata kama hayapatani na yetu, tutayaandika hapa. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutanena juu ya kuchachusha mbegu za kakao na kuzianika zisiote ukungu.